Nyekundu Hii ni ya Nani?

Siku hizi ni vigumu kuingia ofisi ya kaunti, chumba cha wahariri au kituo cha afya katika Pwani ya Kenya usikute orodha iliyotiwa rangi. Makala iliyo tayari kuchapishwa ni kijani, inayongoja kuhaririwa ni manjano, iliyokwama ni nyekundu. Barua zilizojibiwa, miradi iliyochelewa, dawa zinazokaribia kuisha, zote zina rangi zake, na mkuu wa kazi hutupa jicho mara moja akajua amefika wapi. Faida hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini orodha nyingi za namna hiyo hudumu wiki chache tu. Baada ya hapo nyekundu huzoeleka, manjano husahaulika, na kijani hubaki juu ya kazi zilizoharibika zamani. Kwa nini rangi hufaa mahali pamoja na kushindwa mahali pengine? Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba rangi haipangi kazi, inatangaza hali tu. Tangazo hilo lina nguvu pale kipimo chake kinapojulikana, linapokuwa na mtu wa kuliitikia, na linapobadilika pindi hali yenyewe inapobadilika. Moja kati ya hayo matatu likikosekana, rangi inakuwa pambo, na mara nyingine inakuwa madhara.

Kwanza tutenganishe kazi mbili za rangi ambazo huchanganywa kila siku. Moja ni kuonyesha mpangilio, na Pwani hii imeijua kwa muda mrefu. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, ilipambwa kwa nyekundu na manjano kando ya wino mweusi, na katika tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu wanakili wengi walitenga vipande vya ubeti kwa alama za wino mwekundu ili msomaji asipotee. Takaungu, ambako tawi moja la Wamazrui lilihamia baada ya Mombasa kuangukia mikononi mwa Mabusaidi mwaka 1837, ni miongoni mwa miji iliyolelewa katika utamaduni huo wa chuo na msahafu. Rangi ya mpangilio ikishawekwa, imewekwa. Ubeti hautahama mahali pake. Kazi ya pili ni kuonyesha hali, na hapo mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu hali haitulii. Wino mwekundu wa mnakili unasema kweli hata baada ya miaka 150. Manjano ya makala inayongoja mhariri huanza kuchakaa siku ileile inapowekwa. Anayetia rangi kazi zake kwa mazoea ya mnakili, akidhani kwamba akishapaka amemaliza, ameanza kujidanganya bila kujua.

Mfano bora wa rangi ya hali katika sehemu hizi ni utepe wa kupimia mzingo wa mkono wa mtoto, ule ambao wahudumu wa afya ya jamii huubeba wanapopita nyumba kwa nyumba. Hupimwa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Mkono ukiwa umeachiwa uning'inie, utepe huzungushwa bila kukazwa wala kulegezwa, ncha yake hupitishwa kwenye tundu, na kidirisha kidogo huonyesha rangi pamoja na tarakimu. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5 ni manjano, yaani utapiamlo wa wastani. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, mtoto aliye katika hatari ya kufa. Kipimo hiki kina ushahidi wa hapa nyumbani. Mwaka 2005, James Berkley na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 8,000 waliolazwa katika hospitali ya wilaya ya Kilifi. Waliona kwamba mzingo wa mkono hutabiri kifo vizuri, si chini ya uzito unaolinganishwa na urefu, ingawa njia hiyo ya pili inahitaji mizani, ubao na jedwali la hesabu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilipandisha mpaka wa nyekundu kutoka sentimita 11 hadi 11.5. Takaungu imo ndani ya eneo ambalo kituo hicho kimekuwa kikifuatilia afya na idadi ya watu tangu mwaka 2000. Kwa hiyo anayeiona nyekundu kwenye mkono wa mtoto wa Takaungu anatumia kipimo kilichothibitishwa kwa watoto wa Kilifi kwenyewe.

Nguvu ya utepe huu iko katika yale yanayofuata baada ya kidirisha kusomwa. Kila rangi imefungwa na amri yake. Kijani: mama apewe ushauri wa lishe, na mtoto apimwe tena kwa zamu yake. Manjano: aandikishwe kwenye lishe ya nyongeza na arudiwe mapema. Nyekundu: apelekwe kituo cha afya, achunguzwe kama ana ugonjwa mwingine, ajaribiwe kama ana hamu ya kula, kisha aanzishwe lishe ya tiba akiwa nyumbani au alazwe. Hakuna rangi isiyo na la kufanya, na hakuna la kufanya lisilo na mtu wake. Tena rangi ni tatu tu, ndiyo maana kazi ya kupima imeweza kuvuka kutoka kwa mhudumu hadi kwa mama mwenyewe. Utafiti wa shirika la ALIMA nchini Niger, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba akina mama waliofundishwa kutumia utepe huo hawakuwa nyuma ya wahudumu wa afya ya jamii, na kwamba watoto waligunduliwa mapema zaidi na wachache wakahitaji kulazwa. Wengi wa akina mama wa vijijini huko hawakusoma shule. Rangi iliwapa uwezo wa kutoa uamuzi ambao zamani uliishia mikononi mwa wenye mizani. Hapo ndipo ubora wake ulipo: inapofanywa vizuri, rangi hugawa maarifa, na aliye karibu na tatizo huweza kusema kabla ya aliye mbali.

Kifaa kingine kinatufundisha sharti la tatu, la rangi kubadilika pamoja na hali. Kwenye chupa nyingi za chanjo kuna alama ndogo: duara la rangi nzito, na ndani yake mraba wa rangi nyepesi. Chanjo ikipata joto, mraba hukolea kidogo kidogo. Ukifikia weusi wa duara au kuupita, chupa hiyo haitumiki, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Alama hiyo ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio ya matone, na ilijibu shida kubwa ya nchi za joto, ambako chanjo huweza kuharibika njiani kati ya ghala na zahanati bila mtu yeyote kuona. Kabla ya hapo muuguzi alilazimika kuamini maneno ya aliyemletea, au kumwaga chupa nzima kwa wasiwasi. Uzuri wa mraba ule ni kwamba haumngojei mtu akumbuke kuubadilisha. Joto lenyewe ndilo linaloandika. Katika orodha ya makala au majalada hakuna kemikali ya kufanya kazi hiyo, lakini kanuni ni ileile: rangi ifuate jambo linalopimika, kama vile tarehe, idadi au kiasi, wala isitegemee hisia za mtu aliyeshughulika na mengine.

Sasa tutazame upande wa pili, ambako rangi ipo na mkono wa kuiitikia haupo. Katika miji ya Kenya, jengo lililoonekana kuwa hatari hupakwa alama ya X nyekundu ukutani. Kila mtu anajua maana yake, na kipimo chake kinatokana na ukaguzi wa wataalamu. Sharti la kwanza limetimia. Lakini usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likaua takriban watu 50, lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Hali ilijulikana ikatangazwa, na bado wapangaji walikuwa wamelala ndani. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, lakini hapa ufa ulionekana, ukaandikwa, ukaachwa. Kilichokosekana ni jibu la maswali rahisi: nani anawahamisha watu, kwa tarehe ipi, kwa fedha za nani, na asipofanya nani anaulizwa? Rangi iliyoachwa bila majibu hayo ina ubaya wake zaidi ya kutofaa. Humpa ofisa utulivu wa kwamba amefanya jambo, na humzoeza mkazi kuishi kando ya onyo mpaka asilione tena.

Tanzania inatupa mfano wa namna nyingine, kwa sababu huko X ilipewa rangi mbili. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya zamani ilipakwa X nyekundu, na mwenyewe alitakiwa kuondoka bila kulipwa. Nyumba iliyokutwa katika kipande kilichoongezwa ilipakwa X ya kijani, na mwenyewe alikuwa na haki ya fidia barabara itakapolihitaji eneo lake. Kama mfumo wa kuainisha hali, hili ni jambo safi: mipaka ni ya mita, rangi ni mbili, maana ni wazi. Hata hivyo bungeni wabunge wameuliza mara kwa mara juu ya wananchi wenye X ya kijani wanaongoja fidia mwaka baada ya mwaka. Katika kungoja huko mtu hawezi kuiendeleza nyumba yake kwa moyo mmoja, wala mnunuzi hatampa bei ya haki. Kijani, ambayo kila mahali huashiria kheri, imekuwa rangi ya kukaa njia panda. Sababu ni kwamba rangi ilipewa maana lakini haikupewa muda. Katika kazi yoyote ile, hali ya kungoja ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu haimsumbui yule anayengojwa.

Tofauti kati ya rangi yenye mkono na rangi isiyo nao imeonekana kwa uchungu zaidi katika mambo ya njaa. Mfumo wa IPC, unaogawa hali ya chakula katika hatua tano na kuzipaka kwenye ramani kuanzia kijani hafifu hadi nyekundu iliyoiva, ulizaliwa katika ukanda wetu: wataalamu wa FAO waliuanzisha kwa ajili ya Somalia mwaka 2004. Kabla ya baa la njaa la 2011 nchini humo maonyo yalitolewa tangu mwaka 2010, lakini msaada mkubwa ulikuja baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa hilo tarehe 20 Julai 2011. Hesabu zilizotolewa mwaka 2013 zilikadiria kwamba kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu wapatao 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Ramani ilikuwa sahihi. Wenye fedha walisubiri rangi ya mwisho kabisa, ile inayomaanisha kwamba watu wanakufa tayari. Kenya ilichukua somo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo makavu, Kilifi ikiwa mojawapo, ikisema kama kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, mpango wa HSNP wa kuzigawia kaya maskini fedha uliunganishwa na kipimo cha setilaiti kinachopima ukijani wa mimea: ukame ukifika kiwango kilichowekwa, malipo ya ziada hufunguka kwa kaya nyingi zaidi bila kungoja kikao cha kubishana kama kweli kuna njaa. Hiyo ndiyo rangi iliyofungwa na mkono tangu mwanzo.

Wapo watakaopinga kwamba rangi hurahisisha mno. Mtoto wa sentimita 11.4 na mwenzake wa 11.6 hawatofautiani kwa lolote la maana, lakini mmoja ataitwa mgonjwa mahututi na mwingine wa wastani. Tena maisha hayana rangi tatu. Pingamizi hili ni zito na lina ukweli ndani yake. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba, na uvimbe wake unaweza kuuficha wembamba wa mkono hata utepe usome manjano au kijani, ilhali mtoto ni mahututi. Ndiyo maana mhudumu aliyefunzwa hamalizi kwa utepe. Hubonyeza nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa muda wa sekunde tatu, na vishimo vikibaki, mtoto hupelekwa kituoni bila kujali rangi. Jibu la pingamizi limo humo humo: mfumo mzuri huandika mapema yale ambayo rangi yake haiyaoni, na humpa mtu ruhusa ya kuivuka. Na kuhusu mpaka wa 11.5, mpaka wowote utakuwa na majirani pande mbili. Ukiufuta hupati haki zaidi. Unapata kila mhudumu akiamua kwa jicho lake, na hapo mtoto wa anayejulikana atatangulia. Zaidi ya hayo, utepe umeandikwa tarakimu pamoja na rangi, kwa hiyo anayetaka undani anaupata palepale.

Pingamizi la pili ni la macho. Si kila mtu huona rangi sawasawa. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, mmoja kati ya kumi na wawili hivi hutatizika, hasa katika kutenga nyekundu na kijani. Kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Kuna pia karatasi zinazotolewa nakala nyeusi na nyeupe, skrini za simu juani, na rangi zinazofifia kwa chumvi ya bahari. Haya yote yanadai jambo moja tu, kwamba rangi isipewe kazi peke yake. X ya Tanzania ina umbo, utepe una tarakimu, alama ya chanjo ina mraba unaolinganishwa na duara. Orodha ya ofisini nayo iandike neno kando ya rangi: rasimu, inahaririwa, tayari. Anayeona rangi atafika haraka, na asiyeiona atafika vilevile.

Pingamizi la tatu ni gumu kuliko hayo, kwa sababu linahusu tabia za watu. Rangi ikishakuwa kipimo cha mkubwa kumpima mdogo, mdogo hujifunza kupaka kijani. Hakuna anayependa jina lake likae kando ya nyekundu mbele ya wenzake kila Jumatatu asubuhi. Matokeo yake ubao wote unang'aa huku kazi zimelala. Dawa yake si kuziondoa rangi. Ni kuhakikisha kwamba nyekundu inaleta msaada kabla ya kuleta lawama. Mama wa mtoto mwenye nyekundu akigombezwa zahanati, mwaka ujao hatamtoa mtoto apimwe. Akipewa lishe ya tiba na maneno mazuri, atamleta na wa jirani. Kadhalika mwandishi anayekiri kwamba makala yake imekwama apate mtu wa kumsaidia, ndipo wengine wataona faida ya kusema kweli.

Turudi basi kwenye meza ya mhariri, ambako ushahidi huu una matumizi ya moja kwa moja. Hali nne zinamtosha: rasimu, inahaririwa, tayari, imechapishwa. Kila moja iwe na mwenyewe na siku zake. Rasimu ni ya mwandishi, na tarehe ya kuileta imeandikwa. Inayohaririwa ni ya mhariri mmoja anayetajwa, na siku zake zikipita bila jibu irudi yenyewe kwa mkuu wake kama nyekundu, jambo ambalo programu za kawaida za jedwali huweza kulifanya kwa kuisoma tarehe. Iliyo tayari ina siku ya kutoka. Iliyochapishwa nayo haijaisha, na hapa ndipo wengi hukosea. Makala ya afya iliyotoka mwaka 2008 ikitaja mpaka wa sentimita 11 ilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata ilikuwa inamwambia mama wa mtoto mwenye sentimita 11.2 kwamba hajafika kwenye hatari kubwa, huku kwenye orodha ya mhariri ingali kijani. Maandishi yanayogusa dawa, sheria, bei au ratiba yawekewe tarehe ya kurejelewa, na tarehe hiyo ikifika kijani kiondoke chenyewe.

Ofisi yoyote ya Kilifi inayotaka kuanza na rangi, iwe ya lishe, ya ardhi, ya uvuvi au ya gazeti, isianze na rangi. Ianze kwa kuandika kwenye karatasi moja kila hali ina mpaka gani, anayeishughulikia ni nani, ana siku ngapi, na zikipita jambo linakwenda kwa nani. Ikishindwa kuijaza karatasi hiyo, tatizo lake ni la mamlaka au la fedha, na rangi hazitalitatua; zitalifunika. Ikiweza kuijaza, rangi tatu au nne zitaokoa muda, zitampa sauti mtu wa chini aliye karibu na jambo, na zitawazuia wa juu kudai kwamba hawakujua. Na nyekundu yoyote itakayokutwa haina jina la mtu, ipewe jina siku hiyohiyo au ifutwe, kwa sababu onyo lisilo na mwenyewe huwafundisha watu kuyapuuza hata yale yenye wenyewe.